Kulinda maji ya chini ya ardhi: sheria ndogo ya kijiji au jumuiya ya watumia maji?

Ikifika Oktoba, wakati mvua bado ziko mbali, vijiji vingi vya Mtwara na Lindi huwa vimeshagombana kisimani. Foleni ya madumu inaanza alfajiri. Mwenye bustani ya nyanya bondeni analaumiwa kwa pampu yake, aliyechimba kisima cha mashine kando ya barabara analaumiwa kwa kuuza maji kwa maboza, na kitongoji cha juu kinasema cha chini ndicho kinachomaliza maji. Mkutano unaitishwa, watu wanakubaliana kwamba iwepo sheria, muhtasari unaandikwa. Nani ataisimamia hiyo sheria? Hapo muhtasari huwa kimya.

Njia za kupimwa hasa ni mbili. Ya kwanza, kijiji kitunge sheria ndogo na kuisimamia chenyewe kwa mtendaji na mgambo wake. Ya pili, wanaotumia chanzo kimoja waunde Jumuiya ya Watumia Maji, inayofanya kazi na Bodi ya Maji ya Bonde la Ruvuma na Pwani ya Kusini, ambayo ofisi yake iko Mtwara. Wapo wanaotaja pia chombo cha maji kilicho chini ya RUWASA, wakala wa serikali wa maji vijijini, na wapo wanaotaja wazee. Hao nitawagusa kwa ufupi mbele, kwa kuwa peke yao hawatoshi.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema: mwangalieni kwanza mvunjaji wenu ni nani. Anayeharibu kwa ndoo na jembe ana msimamizi wake, anayeharibu kwa mtambo wa kuchimbia ana wake. Mkiwabadilisha, mtashindwa kwa wote wawili.

Kuna jambo moja linalotumika njia yoyote mtakayoshika. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Na. 11 ya mwaka 2009 inasema maji yote ya Tanzania Bara ni ya umma, na Rais ndiye mdhamini kwa niaba ya wananchi. Shamba ni lako, mikorosho ni yako, lakini maji yaliyo chini yake si yako. Sheria hiyohiyo inatanguliza maji ya mahitaji ya msingi ya binadamu, kisha ya mazingira, ndipo shughuli nyingine zifuate. Yeyote atakayesimama mkutanoni na kusema “kisima nimechimba kwa hela yangu, mniache” ajibiwe kwa hayo mawili, kwa upole.

Jueni kwanza maji yenu yanatoka wapi

Hapa nitakaa kidogo, maana vijiji vingi huchagua msimamizi kabla ya kujua wanasimamia nini.

Juu ya uwanda wa Makonde, Newala na Tandahimba, mchanga unakunywa mvua yote. Maji yanazama chini sana na kuja kutokeza pembezoni, kwenye chemchemi na mabonde. Ndiyo maana Mradi wa Maji wa Makonde, ulioanza enzi za ukoloni, unasukuma maji kutoka visima vya Mitema, bondeni Kitangari, yapande mlima. Ndiyo maana pia nyumba nyingi huko juu zina tangi la kuchimbia ardhini la kuvuna mvua ya kwenye bati. Kwa hali hiyo, anayefyeka na kuchoma msitu juu na anayechota chini hawako kijiji kimoja, pengine hata wilaya moja si yao. Sheria ndogo ya kijiji cha bondeni haimgusi mtu wa juu hata kidogo.

Masasi na Nachingwea ni habari nyingine. Kule ni nchi ya miamba migumu, na maji yamejificha kwenye nyufa. Visima viwili vilivyopishana hatua chache vinaweza visijuane kabisa, au kimoja kikakausha kingine siku hiyohiyo. Tuhuma huwa nyingi kuliko ushahidi, na msimamizi asiye na vipimo atamwonea mtu.

Pwani, kuanzia Mikindani hadi Lindi mjini na Kilwa Masoko, hofu kubwa ni chumvi. Maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, chini ya ardhi yamekaa juu ya maji ya bahari kwa sababu ni mepesi kuliko hayo. Hesabu ya wataalamu ni kwamba kila mita moja ya maji baridi inayoshuka, mpaka wa chumvi unaweza kupanda karibu mita 40. Kisima kikishaonja bahari, kuzima pampu wiki mbili hakukirudishi. Pwani, basi, faini inayotozwa baada ya uharibifu haina maana, kwa sababu usimamizi wenye faida ni ule unaozuia kabla.

Sheria ndogo ya kijiji

Mamlaka ya kuitunga yamo kwenye Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Na. 7 ya 1982. Halmashauri ya kijiji inaandaa mapendekezo, mkutano mkuu wa kijiji unayajadili, halmashauri ya kijiji inapitisha, kisha yanakwenda halmashauri ya wilaya kuidhinishwa. Hatua ya mwisho ndiyo inayorukwa. Kijiji kinatoza faini kwa nguvu ya muhtasari peke yake, na mtu mmoja mjuzi akilipeleka shauri mahakama ya mwanzo, kijiji kinabaki mikono mitupu. Bila idhini ya wilaya, ile si faini, ni mchango wa lazima uliovaa kofia ya sheria.

Ikishaidhinishwa, ina uzuri ambao njia nyingine haina: inamshika kila aliye ndani ya mpaka. Mwanachama na asiye mwanachama, mwenyeji na mpita njia. Haihitaji kadi wala kiingilio. Gharama yake ni ndogo, na msimamizi yuko hatua chache kutoka kisimani.

Udhaifu wake mnaujua. Mtendaji ni mwajiriwa na pengine mgeni, mwenyekiti ni mwenyeji aliyepigiwa kura. Mjomba wa mwenyekiti akikamatwa, faini inageuka mazungumzo. Halafu kuna kalenda: uchaguzi wa serikali za mitaa wa 2019 na wa 2024 wote ulifanyika Novemba, yaani kileleni mwa ukame, wakati visima viko chini kabisa. Mwenyekiti gani anayetaka kura atamtoza mtu faini ya maji mwezi huo? Kwa mwaka wa namna hiyo, sheria ndogo ihesabuni kuwa likizo.

Kuna na somo la kangomba, yaani ununuzi wa korosho kwa bakuli, nje ya mfumo rasmi. Miaka yote kununua korosho kwa kangomba kumekatazwa, na mwaka 2018 serikali ilifika kuingiza hadi jeshi kwenye biashara ya korosho. Kangomba haikufa. Haikufa kwa sababu anayeuza bakuli la korosho mwezi wa njaa anakuwa na mtoto wa kulisha leo, na sheria haimpi chakula. Ukimkataza mama mwenye bustani ya mchicha kumwagilia bila kumwambia amwagilie lini na kwa kiasi gani, umetunga kangomba ya maji. Atamwagilia usiku.

Kwa hiyo sheria ndogo nzuri ni ile inayoacha mlango na inayoweza kuonekana kwa macho. “Ni marufuku kutumia maji ovyo” haisimamiki na mtu yeyote, maana ovyo ni nini? “Pampu haziruhusiwi kwenye kisima cha kunywa kuanzia Septemba hadi mvua za kwanza, kumwagilia ni kwa ndoo, asubuhi tu” inasimamika. Zamani pampu ya petroli ilijishitaki yenyewe kwa kelele. Sasa zimekuja za sola, hazina sauti wala moshi, na mgambo aliyezoea kusikiliza hatasikia kitu. Andikeni basi kuhusu bomba lililozamishwa kisimani, ambalo linaonekana, badala ya mashine.

Adhabu zipande ngazi kwa ngazi. Mmarekani Elinor Ostrom, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009, alianza utafiti wake kwenye maji ya chini ya ardhi ya California, mahali ambapo visima vya pwani vilikuwa vinaingiwa na bahari. Katika jamii zilizodumu na rasilimali za pamoja aliona kwamba kosa la kwanza huadhibiwa kidogo, na uzito huongezeka kwa anayerudia. Kijiji kinachoanza na faini kubwa hakitaitoza hata mara moja, kwa sababu wote wataona aibu kumtoza jirani. Anza kwa kuitwa mbele ya kamati. Kosa la pili, akasafishe kisima. La tatu ndiyo faini, na itolewe stakabadhi.

Jumuiya ya Watumia Maji

Hii imo kwenye ile sheria ya 2009. Inaundwa kwa makubaliano ya wengi wa watumiaji wa chanzo, na kazi zake zimetajwa: kusimamia na kugawa maji ya chanzo wanachokitumia pamoja na kukihifadhi, kuomba na kuendesha vibali, kutatua migogoro kati ya wanachama, kukusanya ada kwa niaba ya Bodi ya Bonde, na kuwasemea wenye maslahi kwenye maji hayo.

Uzuri wake wa kwanza ni mpaka. Jumuiya inafuata chanzo, haifuati kijiji. Vijiji vitatu vinavyotegemea chemchemi moja chini ya mlima vinaweza kukaa meza moja, na kwa nchi ya Makonde jambo hilo peke yake linatosha kuamua. Uzuri wa pili ni kwamba inaongea na Bodi, ambayo ndiyo yenye kibali mkononi: inatoa, inabadilisha masharti, inafuta. Mtu wa kisima kirefu anayeuza maji kwa maboza hamwogopi mgambo. Kibali chake kikiguswa, hapo atakaa chini.

Ubaya wake? Unachosha. Kuna katiba ya kuandika, wanachama wa kuandikisha, viongozi wa kuchagua, akaunti ya kufungua, nauli za kwenda na kurudi. Bonde lenyewe ni kubwa, linabeba Mtwara, Lindi na upande wa Ruvuma, kwa hiyo msitegemee afisa kufika kila mnapopiga simu. Na nguvu ya jumuiya inaanzia kwa wanachama wake. Asiyejiunga anaweza kuwakodolea macho tu. Jumuiya nyingi za aina yoyote, si za maji tu, huanza na shangwe siku ya uzinduzi, zikabaki mwenyekiti na mhuri.

Ana kwa ana, kwa mvunjaji mmojammoja

Mkulima anayeoshea mashine ya kupulizia mikorosho kisimani. Hili ni la miezi ya Juni hadi Septemba, ugonjwa wa ubwiriunga ukiwa umeshika maua. Salfa ya unga haihitaji maji, ila viuatilifu vya maji vinachanganywa, na sehemu ya karibu yenye maji ni kisima. Sheria ndogo inashinda moja kwa moja. Kosa linaonekana, mkosaji anajulikana kwa jina, na ukisubiri kikao cha jumuiya sumu imeshashuka. Wekeni umbali wa kuchanganyia dawa, na pipa la maji la wakulima pembeni ili asiwepo wa kusema hakuwa na pa kwenda.

Choo kilichochimbwa karibu na kisima. Sheria ndogo tena, pamoja na afisa afya wa kata. Mita 30 ndicho kiwango cha chini kinachotajwa sana, na choo kisiwe upande wa juu wa kisima. Sina la kuongeza.

Mwenye bustani bondeni. Hapa ndipo ninapotofautiana na wengi. Watu hukimbilia sheria ndogo, wakati hawa ni watumiaji kama nyinyi, na wanakula kwa maji hayo. Jumuiya inawapa kiti na zamu. Mtu aliyeshiriki kupanga zamu huilinda zamu, na wenye bustani ndio wa kwanza kugundua pampu iliyofichwa kwenye matete. Sheria ndogo ibaki nyuma, kwa anayekataa zamu.

Wafugaji. Tangu 2006 na 2007, wafugaji walipohamishiwa mkoa wa Lindi wakitokea Ihefu, mifugo na wakulima wamekuwa wakikutana kwenye maji yaleyale. Sheria ndogo inamfikia mfugaji hata akiwa mpita njia, na hiyo ni faida. Lakini sheria iliyotungwa kwenye mkutano ambao hakualikwa ataiona ni ya kumfukuza. Naipa jumuiya nafasi ya kwanza, kwa sharti kwamba aingie kamati kwa haki zake zote, na birika la mifugo lijengwe mbali na kisima cha kunywa. Bila birika, msijisumbue na kanuni yoyote.

Mwenye kisima kirefu na maboza. Sheria ndogo haimwezi. Anao uwezo wa kulipa faini kila wiki na kuiandika kwenye gharama za biashara. Huyu ni wa Bodi, kupitia jumuiya au barua ya kijiji. Silaha yenu bora ni siku ile mtambo unapoingia, maana mtambo wa kuchimbia hauingii kijijini kimyakimya. Ombeni kuona vitu viwili: leseni ya mchimbaji na kibali cha mwenye kisima. Swali hilo likiulizwa kabla ya bomba la kwanza kuzama lina uzito kuliko malalamiko ya miaka mitano baadaye.

Anayefyeka msitu wa chanzo. Inategemea yuko wapi. Ndani ya kijiji chenu, sheria ndogo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 nayo inakataza shughuli za kudumu au zenye kuathiri uhifadhi ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, ziwa, bwawa na bahari, kwa hiyo Lukuledi au Mbwemkuru zina ulinzi huo hata kijiji kisipotunga kitu. Yuko kijiji cha pili, jumuiya. Na kwa chanzo kikubwa kinacholisha mji, kama Mbwinji inayolisha Masasi na Nachingwea, kazi imevuka uwezo wa kijiji na wa jumuiya changa. Sheria inaruhusu eneo kutangazwa rasmi kuwa la ulinzi, na mamlaka za maji zinazovuta hapo ndizo zisukume.

Wale wawili niliowaweka kando

Vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii, vinavyotokana na Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya 2019, vinaendesha mradi, vinakusanya fedha za maji, vinatengeneza pampu. Vinafaa sana kupunguza upotevu: bomba linalovuja likizibwa, kisima kimepumzika. Ila chombo kinaishi kwa kuuza ndoo. Mwaka wa ukame, wakati maji yanatakiwa kusukumwa kidogo, ndio wakati wanunuzi ni wengi. Kukipa peke yake kazi ya kujizuia ni kukitega. Kipeni kazi ya kutoa takwimu za pampu kila mwezi, na mwingine asimamie.

Wazee wana heshima ambayo mtendaji hana, hasa mahali ambapo chanzo kiko kwenye eneo la matambiko na hakuna aliyethubutu kukata mti. Pale heshima hiyo ilipo hai, msiharakishe kuitungia faini. Mtu aliyekuwa anaogopa mizimu ataanza kupiga hesabu ya shilingi. Lakini mchimbaji aliyetoka mbali na mtambo wake hana mizimu huku.

Ningechagua nini

Kijiji cha juu au cha pembezoni mwa uwanda wa Makonde, kinachoshirikiana chemchemi au bonde na vijiji vingine: jumuiya, hata kama itachukua miezi. Wakati mnaisubiri, tungeni sheria ndogo fupi ya vitu viwili tu, dawa na moto.

Kijiji cha Masasi au Nachingwea chenye visima vifupi vya mkono, kila kitongoji na chake: sheria ndogo. Jumuiya itakuwa mzigo, na miamba yenyewe imeshawatenga.

Pwani, penye wachimbaji binafsi wengi: msipoteze muda na mgambo. Andikeni kwa Bodi mapema, mkiwa na jumuiya au bila jumuiya, kwa sababu chumvi haisubiri katiba.

Kwa yeyote, kazi ya kwanza ni kamba. Chukueni kamba yenye alama za mita na uzito mwishoni, pimeni kina cha maji kisimani mara moja kila mwezi, alfajiri kabla mtu hajachota, na muandike kwenye daftari moja. Pwani ongezeni kuonja, na kama mnaweza kupata kipimo cha chumvi, bora zaidi. Daftari la msimu mmoja linabadilisha barua. “Maji yamepungua” ni lalamiko. “Machi yalikuwa mita 9 chini, Oktoba mita 13, na pampu ya jirani iliwekwa Juni” ni jambo ambalo afisa analazimika kulijibu. Nambari hizo ni mfano, lakini zenu zitakuwa za kweli, na mkutanoni zitamnyamazisha hata mjomba wa mwenyekiti.

Mkiamua kuwa na vyote viwili, kama vijiji vingi vitakavyolazimika, andikeni ukurasa mmoja wa nani anashika kosa gani, mtendaji na mwenyekiti wa jumuiya wote wausaini. Uandikwe Aprili au Mei, visima vikiwa vimejaa na watu wana subira, na michango ya kuanzia iombwe wakati wa minada ya korosho. Ikishafika Septemba hakuna atakayekaa kusikiliza vifungu.